Sabuni Iliyokataa Kutoa Povu

Jumamosi iliyopita wajina wangu alikuja kwangu Kinoru na mfuko wa karatasi mkononi. Ndani ya mfuko kulikuwa na kitambaa cheupe cha kichwa, kile ambacho nyanya yetu alikivaa kanisani miaka yote, na chini ya kitambaa kulikuwa na pakiti ya sabuni ya mashine. Mashine ninayo. Nimeinunua mwaka huu baada ya kuitamani tangu utotoni, na sabuni ninayo pia, ile isiyo na harufu. Lakini Wawira ni mtu wa kuja na sabuni yake. Alipoifungua pakiti ile kwenye meza ya jikoni, harufu ikanifikia, na mkono wangu ukaenda wenyewe shingoni kujikuna.

"Nini?" akauliza.

"Hakuna kitu," nikasema.

Kulikuwa na kitu. Nimekificha kwa zaidi ya miaka ishirini, na ninathubutu kukiandika hapa kwa sababu Wawira hasomi chochote kinachozidi urefu wa ujumbe wa simu.

Kwetu Embu, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Baba yangu na mdogo wake walipata mabinti wao wa kwanza wakipishana miezi minne, na kila mmoja, kwa heshima ya mama yao, akamwita wake Wawira. Basi tukawa Wawira watatu katika ukoo mmoja: nyanya, ambaye sote tulimwita Cucu, na sisi wawili. Mimi nililelewa Manyatta, katika boma la Cucu, milango ya nyumba yetu na yake ikitazamana. Binamu yangu alilelewa Embu mjini, mtaa wa Dallas, kwa sababu baba yake alifanya kazi ofisini. Ili watu wasichanganye mambo, yeye aliitwa Wawira wa Dallas. Mimi niliitwa Wawira wa Cucu.

Jina hilo nililipenda kuliko nguo na kuliko chakula. Wawira wa Dallas alikuwa na televisheni, alikuwa na viatu vya kila aina, na Kiswahili chake kilikuwa cha haraka, chenye Kiingereza katikati, wakati sisi wa Manyatta tuliongea Kiembu nyumbani na Kiswahili tulikikuta shuleni. Alipokuja likizo alitembea shambani kati ya mibuni akiinua miguu juu kama kuku kwenye matope. Yote hayo nilimsamehe. Yeye alikuwa na hivyo vyote, mimi nilikuwa na Cucu, na kwa hesabu yangu ya mtoto tulikuwa sawa.

Nilikuwa na kazi moja ya kunithibitishia. Kila Ijumaa baada ya shule nilifua kitambaa cheupe cha Cucu, ambacho akina mama wa kanisa hujifunga kichwani pamoja na sare yao. Mama yangu hakuruhusiwa kukigusa. Cucu aliketi kwenye kigoda nje ya jiko, akimenya viazi vitamu, akinisimamia kwa macho tu. Sabuni ya kipande nilikata kwa uzi, kisha nikaipaka mkononi kwanza, si kwenye kitambaa. Buluu, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, niliifunga kwenye tambara dogo na kuichovya majini mara tatu. Ukichovya mara ya nne, kitambaa kinatoka na rangi ya sare ya shule. Kilichochosha zaidi kilikuwa kusuuza.

"Suuza mpaka kiache kuteleza," Cucu alisema kila Ijumaa, kana kwamba sijawahi kusikia. "Maji yetu ni ya mlimani. Ni laini, hayaachi sabuni mapema."

Nilisuuza karai la kwanza, la pili, la tatu, mikono ikifa ganzi kwa baridi. Kisha nilimpelekea akishike kati ya vidole viwili. Akinyamaza, nilijua nimefaulu. Nilianika juu ya ua wa michongoma uliokuwa nyuma ya nyumba, nikakaa hapo kuwafukuza kuku, na kila mpita njia aliyenisalimu alisema, "Wawira wa Cucu, umefua?" Wallahi, hakuna sifa ya utu uzima iliyowahi kunikaa vizuri namna hiyo.

Kisha baba mdogo akanunua mashine ya kufulia.

Habari zilifika Manyatta kabla ya sisi kuiona. Likizo ya Agosti, mimi na Cucu tulifunga safari kwenda Dallas kuishangaa. Nilibeba mkebe wangu wa hesabu, ule wa bati wenye bikari na rula, kwa sababu mke wa baba mdogo, tuliyemwita Anti, alikuwa mwalimu na hakuweza kumwona mtoto bila kumpa maswali.

Mashine ilikuwa bafuni, nyeupe, na mlango wa kioo tumboni. Wawira wa Dallas alisimama mbele yake mithili ya askari wa benki.

"Usiguse hapo," akaniambia. "Hapo ni pa sabuni. Hapa ni pa ile ya kunukisha."

"Sabuni mnaweka ngapi?"

"Inapimwa. Nguo kidogo, mstari wa kwanza. Nguo mingi, mstari wa pili." Alinionyesha kikombe kidogo cha plastiki chenye mistari, akikiinua juu ili nisikifikie. "Ukipitisha, Mum anajua. Hata ukiiba kidogo tu, atajua."

Nilichungulia kwenye kioo. Mashati yalikuwa yakijipindua ndani ya maji yenye ukungu kidogo, na povu karibu hakuna. Mimi niliyelelewa na karai nilijua jambo moja kuhusu sabuni: povu ndilo kazi yenyewe. Bila povu unachezea maji.

"Povu iko wapi?" nikauliza.

"Povu ya nini?"

Hakujua. Nikafurahi kwamba kuna kitu hajui, na papo hapo nikajitafutia jibu langu mwenyewe: mashine inakula povu. Ndiyo maana inanguruma hivyo. Niliridhika na elimu hiyo, na laiti ingeishia hapo.

Mashine iliposimama na mashati kutolewa, nikageuka, nikamwona Cucu akifungua mkoba wake. Akatoa kitambaa chake cheupe, kimekunjwa mara nne. Sikujua alikuwa amekibeba. Hakukipeleka kwangu. Alimpa Wawira wa Dallas, ambaye alikipokea kwa mikono miwili na kukitupa ndani pamoja na mashati mengine ya shule, kisha akamimina sabuni hadi mstari wa kwanza huku mdomo wake ukihesabu. Hakuna aliyeniangalia. Najua jina la nilichohisi, sitalizungukazunguka: ni wivu. Niliona wivu ambao mtoto anauona kwa mwili mzima.

Kitambaa kilipotoka na kukauka, kilinukia maua ambayo hayaoti Manyatta. Cucu aliuzika uso ndani ya kitambaa. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Huyu mtoto ana mkono wa kufua," akamwambia Anti.

Nilikwenda bafuni nikafunga mlango. Bikari na rula nikazitia mfukoni, nikajaza mkebe wa hesabu sabuni ile mpaka juu, nikaufunga kwa nguvu. Safari nzima ya kurudi nyumbani, bikari ilinichoma paja kila tulipopita shimo, na sikulia. Cucu, kando yangu, alikuwa na kitambaa puani.

Tulipofika, mama yangu alimuuliza kuhusu mashine. Cucu akamnyooshea kitambaa anuse, akasema, "Umeona kazi ya Wawira?"

Mama akaniangalia mimi. "Wawira yupi?"

"Wawira," Cucu akajibu, akaingia nyumbani kwake.

Hakusema wa Dallas. Wa Dallas ilikuwa imeanguka njiani. Usiku ule sikula, na mama alidhani nimechoshwa na safari.

Wiki chache baadaye ilikuwa Siku ya Akina Mama kanisani, na mwaka huo Cucu ndiye aliyechaguliwa kubeba bendera yao, kutoka barabarani mpaka madhabahuni. Baba mdogo na familia yake wangekuja. Wawira wa Dallas angempokea Cucu mbele kwa maua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na gauni jeupe lenye mikono ya kuvimba. Ijumaa, Cucu alinipa kitambaa kama kawaida, akaenda mazoezi ya kuimba. Kwa mara ya kwanza nilikuwa peke yangu na karai, na nilijua nitafanya nini. Jumapili angefunga kitambaa chenye harufu ya Dallas kilichofuliwa na Wawira wa Cucu, na hadithi ingekuwa imekwisha.

Nilimimina sabuni kiasi cha kifuniko cha chupa. Nikavuruga. Hakuna povu. Nikaongeza. Vipovu vichache vya ovyo, kisha vikafa. Hapo ndipo nilipoitumia elimu yangu. Kama ni mashine inayokula povu, na hapa hakuna mashine, basi povu lingekuwa tele. Kwa kuwa halikuwapo, sabuni ilikuwa kidogo. Nikaongeza. Nikaongeza tena, nikakung'uta mkebe, nikausuuza ndani ya karai. Maji yaliteleza kama ute wa bamia, na povu bado lilikataa. Leo, pakiti yoyote ingeniambia kwa herufi kubwa kwamba sabuni ya mashine hutengenezwa hivyo makusudi, isitoe povu, na kwamba kiasi nilichotumia kingefua mashuka ya bweni zima. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na jibu langu.

Halafu ikaja kusuuza. Karai la kwanza, maji yalitoka na harufu yote nzuri, nikayaangalia yakiingia ardhini kati ya mibuni. Nikashtuka. Nikisuuza mara tatu, nitamwaga Dallas yote shambani. Basi nikakikamua hapo hapo, kikiteleza mkononi kama kambare, na kukianika. Jumamosi nilikipiga pasi ya makaa, na chumba kikajaa yale maua.

Cucu alikinusa. Akanitazama. "Hii imetoka wapi?"

"Nimefua mimi," nikasema, na huo haukuwa uongo.

Alitabasamu. Hakukishika kati ya vidole viwili. Hilo ndilo kosa lake katika kisa hiki, na ni moja tu.

Jumapili kulikuwa na manyunyu, yale ya Manyatta ambayo si mvua lakini yanakulowesha. Akina mama walijipanga barabarani, Cucu mbele, mikono yake miwili imeshika mti wa bendera. Sisi watoto tulikuwa ndani, mimi nikiwa dirishani. Walipoanza kuingia wakiimba, niliona mstari mwembamba mweupe kwenye paji la uso wa Cucu, chini ya kitambaa. Povu. Sabuni iliyokataa kutoa povu kwenye karai zima ilikuwa imekubali sasa, kwa manyunyu na jasho, ikashuka taratibu kuelekea machoni. Na mikono yake yote miwili ilikuwa kazini.

Lazima nieleze kwamba Cucu hakuwa mtu wa machozi. Tulipomzika babu, hakulia. Ng'ombe wake wawili walipokufa wiki moja, hakulia. Kwa hiyo Cucu alipofika katikati ya kanisa, macho mekundu, machozi yakimiminika mpaka kidevuni, wimbo ulitetereka kwanza, kisha ukapanda mara mbili. "Roho amemshukia!" mama mmoja akalia. Wa pembeni yake akaanza kulia pia. Wakafuata wa nyuma. Mchungaji akaweka mahubiri yake chini na kuvua miwani. Kanisa zima lililia siku ile, wanaume wakijifanya wanakohoa, na chanzo ni mkebe wangu wa hesabu.

Madhabahuni, mtu akampokea Cucu bendera. Alikuwa haoni kitu. Akapapasa hewani, akamgusa Wawira wa Dallas aliyesimama hapo na maua, akamng'ang'ania mabegani, akauficha uso wake kwenye lile gauni jeupe. Kanisa likaugua kwa utamu. Nami dirishani, nikiwa najua fika ni sabuni, bado niliuma midomo nikisema moyoni: kwa nini yeye?

Nyumbani, wageni walipokuwa wakila, Cucu aliniita nyuma ya jiko. Alikuwa amevua kitambaa. Shingo yake yote ilikuwa nyekundu, imetutumka vipele.

"Mwaga maji hapa," akasema, akainama. Nikamwaga kopo baada ya kopo. Akauliza akiwa bado ameinama:

"Umesuuza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Kwa nini?"

"Harufu isiishe."

Akanishika sikio akalipinda, na lilistahili. "Ningeanguka na bendera ya kanisa, wewe mtoto! Sabuni ya watu umeiba, na hata kuipima huwezi!" Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia tena. Alikuwa anacheka, amejiziba mdomo na khanga wageni wasisikie. "Mchungaji," akasema, "mchungaji amevua miwani."

Sikucheka. Nilikuwa na swali langu. "Kwa nini umemshika yeye?"

Akajifuta uso. "Nimemshika nani? Sikuwa naona. Ningeshika hata mimbari."

"Basi mwambie."

"Hapana." Cheko likamtoka usoni. "Na wewe usimwambie. Anafikiri nimemshika yeye. Muache na hiyo. Wewe una mimi kila siku. Yeye ana hiyo moja."

Ungedhani moyo wangu ulitulia. Haukutulia. Niliona wivu wa hiyo moja. Kila Krismasi ilisimuliwa, ikiongezwa chumvi kila mwaka, na mimi niliketi pale na sikio langu lililopindwa, nikiwa na siri ambayo haiwezi kusimuliwa. Kitambaa niliendelea kukifua mimi, karai tatu, buluu mara tatu, mpaka nilipokwenda shule ya bweni. Hilo nalo, nani angelisimulia?

Cucu alitutoka mwaka huu, kabla ya mvua. Kwenye mazishi, mjukuu mmoja tu alipewa kipaza sauti, na haikuhitaji kamati kuamua ni yupi. Wawira wa Dallas alisimama akasema, "Cucu alilia mara moja tu katika maisha yake, na siku hiyo alinishika mimi." Watu wakapangusa macho. Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni: sabuni, mkebe, mimbari. Nikajikaza kisabuni, kama tusemavyo, nikatazama viatu vyangu. Kila siku haina hadithi. Ningesimama niseme nini? Kwamba alimenya viazi, nikasuuza, akanyamaza?

Vitu vyake vilipogawanywa, kitambaa alipewa yeye. Kila mtu aliona ni haki. Mimi nilipewa pasi ya makaa, ambayo sasa inazuia mlango wa jikoni usijifunge. Na ndio mlango huo huo ambao Wawira aliingilia Jumamosi, mashine yake ikiwa imeharibika, kuniomba nimfulie kitambaa kilichoanza kugeuka manjano.

Alimimina sabuni kwenye kikombe cha kupimia bila hata kuangalia. Nikamshika mkono.

"Hiyo ni mingi."

"Ni mstari wa kwanza! Mimi nimetumia mashine kabla ujue inafanana aje."

"Ni kitambaa kimoja, na maji ya huku ni ya mlimani. Hayaachi sabuni mapema." Nikarudisha zaidi ya nusu kwenye pakiti. Alisema hakitanukia. Nikasema kisinukie.

Tukaketi kwenye viti vya jikoni, tukitazama kioo, wanawake wawili wenye jina moja. Kitambaa kilizunguka ndani ya maji yenye ukungu kidogo. Povu karibu hakuna. Wawira alikuwa amekonda tangu mazishi, na nilikuwa sijaliona hilo mpaka alipoegemeza kichwa ukutani.

"Unakumbuka vile Cucu alilia?" akauliza.

"Nakumbuka."

"Saa zingine huwa najiuliza." Alikuwa hanitazami. "Mimi nilikuwa naenda huko likizo tu. Wewe ndiye ulikuwa wake. Hata watu walikuwa wanakuita hivyo. Lakini alinishika mimi, sindio? Ama nilikuwa mdogo, nikajitungia?"

Nilikuwa nimeisubiri nafasi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Ilikuwa imeletwa mpaka jikoni kwangu, na maneno yote nilikuwa nayo. Nitasema ukweli: nilitaka.

"Hukujitungia," nikamwambia. "Alikushika wewe. Nilikuwa dirishani, nikaona."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akapangusa jicho kwa kidole. Mashine ikasimama. Akainuka kwenda kufungua mlango, nikamwambia angoje. Nikabonyeza kitufe cha kusuuza, na ilipomaliza nikabonyeza tena. Kisha nikakitoa mwenyewe, nikakishika kati ya vidole viwili, nikanyamaza.